Solesides: Kundi la 'andagraundi' lililokusanya kazi zake kabla hazijapotea

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wafanyabiashara unafaa vilevile katika muziki wa hip hop, ambako kazi nyingi nzuri za wasanii wa 'andagraundi' zilitolewa katika nakala chache, zikauzwa mkono kwa mkono, kisha zikatoweka zisijulikane zilipo.

Mwaka 2000, kundi la vijana wa kaskazini mwa jimbo la California, Marekani, liliamua kuandika daftari lake lenyewe. Lilikusanya vibao vyake vilivyokuwa vimekwishakuwa adimu, ambavyo vingi vilikuwa vimetoka kwenye santuri za inchi 12, na kuvitoa pamoja katika mkusanyiko uitwao Solesides' Greatest Bumps.

Mkusanyiko huo ulitolewa na kampuni ya kundi hilo, Quannum Projects, na barani Ulaya ukatolewa kupitia kampuni ya Ninja Tune ya London. Kwa anayetaka kuelewa jinsi wasanii wasio na kampuni kubwa nyuma yao wanavyoweza kulinda kazi na historia yao, huu ni mfano unaostahili kutazamwa kwa makini.

Jina lenyewe lina utani ndani yake. Makampuni ya muziki yana desturi ya kukusanya nyimbo za msanii zilizopata mauzo makubwa na kuziita 'greatest hits', yaani vibao bora kuliko vyote. Vijana wa Solesides hawakuwa na vibao vya kushika chati. Walichokuwa nacho ni 'bumps', neno la mitaani linalotaja ule mshindo wa besi unaotikisa spika za gari. Wakaliweka neno hilo mahali pa lile la kibiashara.

Chuo cha wakulima

Solesides ilizaliwa Davis, mji mdogo ulio takriban kilomita 25 magharibi mwa Sacramento, makao makuu ya jimbo la California. Davis unajulikana kwa baiskeli nyingi na kwa Chuo Kikuu cha California tawi la Davis, ambacho kilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama shamba la mafunzo ya kilimo. Ni mahali ambapo mtu asingetarajia kukuta kitovu cha hip hop.

Kilichowaunganisha vijana hao ni redio ya wanafunzi, KDVS, inayorusha matangazo kwenye masafa ya 90.3 FM. Redio za aina hiyo haziongozwi na matangazo ya biashara, hivyo mtangazaji ana uhuru wa kupiga santuri aitakayo. Miongoni mwa watangazaji wa KDVS alikuwamo Jeff Chang, mzaliwa wa Hawaii aliyejulikana hewani kama DJ Zen.

Kijana mwingine alikuwa Josh Davis, aliyezaliwa mwaka 1972 na kukulia katika mji huo wa Davis, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la DJ Shadow. Wengine walikuwa Xavier Mosley, maarufu kama Chief Xcel. Timothy Parker, yaani Gift of Gab. Tsutomu Shimura, mzaliwa wa Tokyo aliyekulia Berkeley, ambaye mwanzoni alijiita Asia Born na baadaye Lyrics Born. Pamoja na Lateef Daumont wa Oakland, aliyejipa jina la Lateef the Truth Speaker.

Aidha, kundi hilo lilikuwa na mwandishi, Joseph Patel, aliyetumia jina la Jazzbo. Ni muhimu kulikumbuka hilo. Solesides haikuwa na waghani na ma-DJ peke yao, bali pia watu waliojua thamani ya kuandika na kutunza kumbukumbu.

Xcel na Gift of Gab walikuwa wamefahamiana tangu wakiwa wanafunzi wa shule ya sekondari ya John F. Kennedy mjini Sacramento. Wawili hao ndio waliounda Blackalicious. Lateef na Lyrics Born nao waliunganisha herufi za majina yao na kupata Latyrx.

Santuri ya kwanza

Mwaka 1993 walitoa santuri yao ya kwanza chini ya lebo ya Solesides. Upande mmoja ulikuwa na 'Entropy' ya DJ Shadow na Groove Robbers, kazi ndefu yenye sehemu kadhaa zilizoungwa pamoja. Upande wa pili ulikuwa na 'Send Them' ya Asia Born.

Ikumbukwe kwamba hicho kilikuwa kipindi ambacho California ilikuwa ikitawaliwa na sauti nyingine kabisa. Dk. Dre alikuwa ametoa albamu ya The Chronic Desemba 1992 kupitia Death Row Records ya Los Angeles, na makampuni makubwa yalikuwa yakisaka wasanii wa mtindo huo. Vijana wa Davis hawakuwa na hadithi za magenge. Walikuwa na vina vingi, santuri za zamani na mashine za kurekodia.

Hata hivyo, walikuwa na bahati ya kuishi karibu na ghuba ya San Francisco, eneo lenye desturi ya kujitegemea. Too Short wa Oakland alianza kwa kuuza kanda zake mwenyewe mitaani, na E-40 wa Vallejo alianzisha lebo yake ya Sick Wid It. Kujitolea santuri yako hakukuwa jambo la ajabu katika eneo hilo.

Mwaka 1994 Blackalicious walitoa Melodica, kazi yenye vibao kama 'Swan Lake' na 'Lyric Fathom'. Mo' Wax, kampuni ya James Lavelle ya London ambayo tayari ilikuwa ikitoa kazi za DJ Shadow, nayo iliitoa Uingereza.

Lateef alifuata na 'The Wreckoning', na mwaka 1997 Latyrx wakatoa albamu yao ya kwanza. Wimbo unaobeba jina la kundi umerekodiwa kwa namna isiyo ya kawaida. Waghani wawili wanaghani mistari tofauti kwa wakati mmoja, mmoja akisikika kwenye spika ya kushoto na mwingine kwenye spika ya kulia, huku mdundo wa DJ Shadow ukipita katikati yao. Msikilizaji analazimika kuchagua amfuate yupi, au arudie wimbo mara mbili.

Kwa nini zikawa adimu

Msomaji anaweza kujiuliza inakuwaje kazi ya mwaka 1993 ihesabiwe kuwa adimu kufikia mwaka 2000, ilhali miaka saba si muda mrefu.

Jibu liko kwenye uchumi wa santuri. Lebo ndogo haina fedha za kuagiza kiwandani maelfu kwa maelfu ya nakala. Huagiza kiasi inachomudu, huzipeleka kwenye maduka machache, nyingine huwapa ma-DJ bure ili wazipige, na fedha zinazorudi hutumika kulipia santuri inayofuata. Nakala zikiisha, zimeisha.

Baada ya hapo santuri huanza maisha ya pili katika maduka ya mitumba na mikononi mwa wakusanyaji. Bei hupanda, lakini msanii hapati hata senti moja, kwa sababu anayeuza ni mnunuzi wa kwanza. Ndipo linapotokea jambo la kushangaza: mtunzi anakuwa maarufu kwa kazi ambayo shabiki hawezi kuinunua dukani, na thamani yake yote iko mifukoni mwa watu wengine.

Solesides walilijua hilo kuliko wengi, kwani wao wenyewe walikuwa wachimbaji wa santuri za zamani. Jalada la Endtroducing....., albamu ya DJ Shadow ya mwaka 1996, linaonesha Chief Xcel na Lyrics Born wakipekua santuri katika duka moja la Sacramento. Albamu hiyo iliyotolewa na Mo' Wax ilitambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa ya kwanza kuundwa yote kwa vipande vya muziki uliorekodiwa na wengine. Wafukua kumbukumbu za watu wengine walitambua mapema kwamba kumbukumbu zao nazo zingeweza kufukiwa.

Kuna pia suala la chombo chenyewe. Miaka ya 1990 wasanii wengi walihifadhi nyimbo zilizokamilika kwenye kanda ndogo za kidijitali zilizoitwa DAT. Kanda ya kawaida ikichakaa sauti hufifia polepole, lakini ya DAT ikiharibika sauti hukatika ghafla, na mashine za kuzichezea zilikuja kuacha kutengenezwa. Kila mwaka unaopita bila kanda hizo kunakiliwa ni hatari kwa kilichomo.

Kutoka Solesides hadi Quannum

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, lebo ya Solesides ilikuwa imefungwa na watu wale wale wakawa wameanzisha Quannum Projects. Mwaka 1999 walitoa Quannum Spectrum, mkusanyiko wa nyimbo mpya uliowatambulisha kwa jina hilo jipya.

Greatest Bumps ulipotoka mwaka uliofuata, ulikuwa wa kufunga hesabu za kampuni ya zamani. Ndani yake zimo 'Entropy' na 'Send Them' za ile santuri ya kwanza, kazi za mwanzo za Blackalicious, 'The Wreckoning' ya Lateef, na 'Lady Don't Tek No' ya Latyrx, ambayo ni miongoni mwa vibao vilivyopendwa zaidi na mashabiki wa kundi hilo.

Ukisikiliza vibao hivyo kwa pamoja unapata jambo ambalo santuri moja moja haiwezi kulionesha. Sauti ya Asia Born wa mwaka 1993 ni ya kijana anayejitafuta, na kwenye nyimbo za Latyrx mtu yule yule, sasa akiitwa Lyrics Born, tayari ana ile sauti nzito ya kuimba nusu na kughani nusu iliyokuja kuwa alama yake. Gift of Gab naye anasikika akiongeza kasi na wingi wa vina kazi baada ya kazi. Mkusanyiko wa namna hii humpa msikilizaji nafasi ya kuona wasanii wakikua.

Kipindi hicho pia kilikuwa cha misukosuko. Programu ya Napster, iliyoanzishwa mwaka 1999, iliwawezesha watu kubadilishana nyimbo kwa intaneti bila malipo hadi mahakama ilipoibana na ikasimamisha huduma hiyo mwaka 2001. Wimbo adimu uliweza kuzagaa kwenye kompyuta za watu ukiwa na jina lisilo lake, bila tarehe na bila kutaja aliyeutengeneza. Kundi lililotoa mkusanyiko wake lilikuwa pia linasahihisha kumbukumbu.

Waliofungiwa kabatini

Umuhimu wa kumiliki kazi yako unaonekana zaidi ukitazama waliokosa nafasi hiyo, na mfano mmoja unatoka barani mwetu.

Mwaka 1992, DJ Shadow alikuwa ametengeneza kipande kiitwacho 'Shadow's Legitimate Mix' kwa ajili ya kundi la Zimbabwe Legit. Kundi hilo liliundwa na ndugu wawili kutoka Zimbabwe waliokuwa Marekani, na lilikuwa chini ya Hollywood Basic, tawi la kampuni ya muziki ya Disney. Walighani kwa Kiingereza na Kindebele wakati ambapo ilikuwa nadra kumsikia Mwafrika kwenye hip hop ya Marekani. Lakini baada ya santuri fupi ya nyimbo chache, albamu yao nzima ilibaki kabatini kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kutolewa.

Yaliyowapata KMD wa New York yalikuwa machungu zaidi. Aprili 1993, mmoja wa wasanii wake, DJ Subroc, alifariki dunia baada ya kugongwa na gari. Kaka yake, Daniel Dumile, aliendelea na albamu ya Black Bastards, lakini mwaka 1994 kampuni ya Elektra ilikataa kuitoa kutokana na mchoro wa jalada lake. Albamu hiyo ilibaki gizani hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati huo Dumile alikuwa amerudi jukwaani akiwa amevaa kinyago na kujiita MF DOOM. Naye alifariki dunia Oktoba 2020.

Hata kampuni kubwa si ghala salama. Juni 1, 2008, moto uliunguza sehemu ya eneo la Universal Studios mjini Los Angeles, ambako kulikuwa na hifadhi ya kanda za awali za kampuni ya muziki ya Universal. Habari kamili ya kilichoungua ilikuja kuchapishwa na gazeti la New York Times mwaka 2019, miaka 11 baadaye, na ukubwa wa hasara ukazua ubishi kati ya gazeti na kampuni.

Kikwazo cha sheria

Kwa makundi mengi ya hip hop, kukusanya kazi za zamani si suala la kupata kanda tu. Midundo ya miaka hiyo ilijengwa kwa vipande vilivyochukuliwa kwenye santuri za watu wengine, na kila kipande kina mwenyewe.

Desemba 1991, mahakama moja ya New York iliamua dhidi ya mghani Biz Markie na kampuni ya Warner kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Jaji alianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Tangu hapo, makampuni yalianza kudai kila kipande kiombewe kibali na kulipiwa kabla wimbo haujatoka.

Athari zake zilidumu. Nyimbo za De La Soul, kundi lililopata umaarufu mkubwa tangu 1989, zilikosekana kwenye huduma za muziki za intaneti hadi Machi 2023, na mizozo ya vibali vya vipande hivyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Mmoja wa waasisi wake, David Jolicoeur, alifariki dunia Februari 2023, wiki chache kabla ya siku hiyo.

Nia na Imani

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulifuatilia kundi hili. Albamu ya kwanza kamili ya Blackalicious, iliyotoka mwaka 1999, inaitwa Nia. Albamu yao ya mwisho, ya mwaka 2015, inaitwa Imani Vol. 1.

Maneno hayo yanafahamika kwa Wamarekani weusi kupitia Kwanzaa, sherehe iliyoanzishwa California mwaka 1966 na Maulana Karenga. Sherehe hiyo, inayoanza Desemba 26 na kumalizika Januari 1, ina misingi saba yenye majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Nia ni wa tano na Imani ni wa saba.

Ukiitazama safari ya Solesides, yafaa pia kuutaja msingi wa pili, Kujichagulia, ambao maana yake kwenye Kwanzaa ni kujipa jina mwenyewe na kujisemea mwenyewe. Kundi lililoanzisha lebo yake, likajitungia majina na kisha likajikusanyia historia yake, lilikuwa likiutekeleza msingi huo.

Walipofika

Miaka iliyofuata iliwapeleka mbali. Blackalicious walitoa Blazing Arrow mwaka 2002 kupitia kampuni kubwa ya MCA. Oktoba 2014, wimbo wao 'Alphabet Aerobics' wa mwaka 1999, ambao unapita herufi zote kuanzia A hadi Z kwa kasi inayozidi kupanda, ulighaniwa na mwigizaji Daniel Radcliffe katika kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na mamilioni ya watu wakausikia kwa mara ya kwanza. Latyrx walitoa albamu yao ya pili mwaka 2013, miaka 16 baada ya ile ya kwanza.

Waliokuwa wakiandika nao hawakukaa nyuma. Jeff Chang alichapisha mwaka 2005 kitabu cha historia ya kizazi cha hip hop, Can't Stop Won't Stop, kilichopata tuzo ya American Book Award. Joseph Patel alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa Summer of Soul, filamu kuhusu tamasha la muziki la Harlem la mwaka 1969 ambalo picha zake zilikaa miongo kadhaa bila kuoneshwa kwa umma. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2022. Kazi ya kutoa kumbukumbu kabatini aliijua tangu siku za Davis.

Gift of Gab hakuiona siku hiyo. Baada ya kuugua figo kwa miaka kadhaa na kupandikizwa figo nyingine mwaka 2020, alifariki dunia Juni 18, 2021, akiwa na umri wa miaka 50.

Kazi zake za mwanzo zipo. Hazikutegemea huruma ya kampuni wala bahati ya mkusanyaji mmoja mwenye santuri iliyosalia. Zilikusanywa yeye na wenzake wote wakiwa hai, kila moja ikiwa na jina lake na la aliyeitengeneza. Makundi mengi ya 'andagraundi', makubwa kwa madogo, yalingoja hadi mmoja wao alipozikwa ndipo yakaanza kuuliza kanda ziko kwa nani.